Fasili na Mfano katika Kujifunza Msamiati wa Kiingereza: Maneno Mawili ya Kando ya Ziwa Victoria

Mwanafunzi akikutana na neno geni la Kiingereza, kamusi humpa vitu viwili: fasili, yaani maelezo ya maana ya neno, na sentensi ya mfano. Aghalabu yeye hukariri fasili na kuuacha mfano kama pambo tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa maneno mawili yatumikayo Kisumu na kandokando ya ziwa, kwamba viwili hivyo vina kazi mbalimbali.

Watungaji wa kamusi za wageni walianza na tatizo la fasili. Mwaka 1935 Michael West na J. G. Endicott walitoa kamusi iliyofasili maneno yake kwa maneno 1,490 tu, ili neno gumu lisielezwe kwa neno gumu zaidi. Mwaka 1942, mjini Tokyo, A. S. Hornby na wenzake walitoa yao, iliyotilia mkazo miundo ya sentensi ambamo neno hutumika.

Neno la kwanza ni “lake”. Mjaluo ana neno “nam”, liwezalo kutaja ziwa na hata bahari. Fasili isemayo kwamba “lake” ni eneo kubwa la maji lililozungukwa na nchi kavu humwekea mpaka: bahari haimo. Hata hivyo, haimfundishi matumizi. Katika Kiswahili mashua iko ziwani, samaki wako ziwani, na mvuvi amekwenda ziwani. Kiambishi -ni kimetosha mahali pote patatu. Kiingereza hudai “on the lake” kwa mashua, “in the lake” kwa samaki na “to the lake” kwa mvuvi. Tofauti hizo hazipatikani ila katika sentensi.

Neno la pili ni “beach”. Kamusi za Uingereza hulifasili kuwa ukingo wa mchanga au kokoto kando ya maji. Huko Dunga, karibu na mji wa Kisumu, neno hilo hutaja pia mahali mashua zinapofikia na samaki kuuzwa, pamoja na jamii ya watu wa hapo. Hata kanuni za uvuvi za Kenya za mwaka 2007 zilitumia neno hilo katika kuunda vikundi vya kusimamia mahali hapo. Tuseme mtoto wa mvuvi aandike: “The beach elected a chairman.” Mwalimu ashikaye fasili peke yake atasahihisha kwa wino mwekundu, kwani mchanga hauchagui mwenyekiti. Lakini aliyekosea si mtoto. Fasili ndiyo iliyopungukiwa.

Basi fasili huweka mpaka wa neno, na mfano huupima mpaka huo. Hapana budi mwalimu akusanye sentensi za mahali alipo, aonyeshe zinapoafikiana na kamusi na zinapoachana nayo, na amweleze mwanafunzi ni msomaji yupi atakayehitaji maelezo zaidi. Bila hivyo, mtoto atajifunza neno la Kiingereza kwa kukana alijualo.