Picha Zimehifadhiwa, Maneno Yake Yako Wapi?

Katika pango moja la Kolo, wilayani Kondoa, katikati mwa Tanzania, pana mchoro wa rangi nyekundu unaoonyesha watu watano. Aliye katikati ameshikwa mikono na wenzake wa huku na huku. Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya eneo hilo mwaka wa 1951, aliuona mchoro huo kuwa ni kisa cha utekaji: mwanamke anavutwa na watu wawili waliovaa vinyago, ilhali wengine wawili wanajaribu kumwokoa. Mwaka wa 1986 mtaalamu wa Afrika Kusini, David Lewis-Williams, aliutazama mchoro uo huo na kutoa rai tofauti kabisa. Kwake yeye hapakuwa na aliyetekwa. Aliona humo ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambayo mchezaji wake hutoka katika hali yake ya kawaida na kuingia katika hali nyingine. Mwamba haukubadilika hata kidogo katika miaka hiyo. Lililobadilika ni neno.

Mimi ni mtu wa isimu, si mwanaakiolojia, na pengine ndiyo sababu kisa hiki hunijia kila ninaposikia sifa za mitambo ya kidijitali inayotumiwa siku hizi kuhifadhi na kuhuisha michoro ya kale ya miambani. Sifa hizo ni za haki, wala sikusudii kuzipunguza. Ninalotaka kuhoji ni kama kazi hiyo huwa imekamilika pale picha inapotoka safi kwenye tarakilishi.

Kwanza mitambo yenyewe. Mwaka wa 2005 mwanahisabati wa Marekani, Jon Harman, alibuni programu iitwayo DStretch. Msingi wake ni mbinu iliyokwisha kutumika katika kuchunguza picha za dunia zilizopigwa kutoka angani. Jicho letu likitazama mwamba uliochakaa huona wekundu na ukahawia vimechanganyika pasipo mpaka. Programu hiyo huzipima tofauti ndogo ndogo za rangi katika kila nukta ya picha, huzitanua, kisha huzirudisha zikiwa zimeachana bayana. Doa ambalo mpita njia angedhani ni kutu ya jiwe hugeuka twiga mwenye miguu minne na shingo. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi wangu picha mbili za namna hiyo, ya kabla na ya baada, na darasa zima likanyamaza.

Mbinu nyingine ni ya kupiga picha nyingi zinazopandana, kutoka kila upande, kisha tarakilishi ikaziunganisha na kuunda umbo kamili la pango pamoja na nyufa na mabonde yake. Mionzi ya leza hufanya kazi kama hiyo kwa usahihi mkubwa. Faida yake ni kwamba mtu akirudi baada ya miaka kumi anaweza kulinganisha na kujua ni kipande gani cha mwamba kimebanduka, na ni rangi ipi imefifia.

Kubwa zaidi kuliko yote hayo ni kwamba mwamba wenyewe hauguswi. Asiyejua maovu yaliyotendwa kwa jina la kuhuisha michoro hawezi kuthamini jambo hili. Katika miaka ya 1956 na 1957 msafara wa Mfaransa Henri Lhote uliingia katika milima ya Tassili n'Ajjer, Aljeria, kunakili michoro ya Sahara. Ili rangi zing'ae, kuta zililoweshwa kwa maji na kupanguswa kwa sifongo. Nakala zilistaajabiwa mjini Paris, huku michoro yenyewe ikipata madhara yasiyotengenezeka. Wageni wengine, hata katika nchi zetu, wamekuwa wakimwagia michoro maji ili wapate picha nzuri. Leo hakuna udhuru. Anayetaka kuona wekundu uliofifia na aufufue kwenye kioo cha tarakilishi, auache mwamba upumzike.

Hata hivyo, hapo pia pana hadhari. Rangi zinazotokea baada ya kazi ya DStretch si rangi za mchoraji. Ni rangi za hesabu. Sisi tunaosoma miswada ya kale twalijua vyema tatizo hili. Anayeuhamisha utenzi kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi hulazimika kuamua irabu hii ni o au ni u, na konsonanti hii ni p au ni b. Uamuzi huo ni halali maadamu mswada wa asili umehifadhiwa na mhariri amekiri alichokifanya. Vivyo hivyo picha iliyohuishwa haina budi kuandamana na picha ghafi.

Turudi kwenye maneno. Mwaka wa 1996 ilianzishwa mjini Nairobi taasisi iitwayo Trust for African Rock Art, chini ya David Coulson na Alec Campbell, na kwa miaka mingi ikazunguka bara hili ikipiga picha za michoro na michongo ya miambani. Kuanzia mwaka wa 2013 makavazi ya British Museum, London, yalichukua picha hizo za kidijitali zipatazo 25,000 na kuziorodhesha. Ni kazi adhimu. Lakini kila picha katika orodha huhitaji maelezo, na maelezo ni lugha. Mchoro wa mviringo wenye mistari inayotoka nje huandikwa kwa Kiingereza kwamba ni jua lenye miali. Je, ni jua? Aliyeandika hivyo amekwisha kufasiri kabla ya kueleza, na mtafiti atakayekuja miaka hamsini baadaye atatafuta "jua" katika orodha na kulipata, kisha atajenga nadharia juu ya ibada ya jua.

Mfano wa karibu nasi ni kisiwa cha Mfangano katika Ziwa Viktoria. Katika mapango ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya duara ndani ya duara, myekundu na myeupe, ambayo wataalamu huinasibisha na wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa. Abasuba waliofika baadaye waliyakuta mapango hayo na kuyapa nafasi katika maisha yao, hasa katika matambiko ya kuomba mvua. Maneno ya matambiko hayo yalikuwa ya Kisuba, lugha ya Kibantu ambayo wenyewe wameiacha kidogo kidogo na kushika Kijaluo, hata leo yahesabiwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini nchini Kenya. Hapa ndipo penye uchungu. Mchoro uliodumu karne nyingi ukipigwa mvua na jua unaweza kudumu karne nyingine, na sasa una nakala London. Mzee anayejua jina la pango kwa Kisuba, sehemu zake, miiko yake, na neno la kumwita msimamizi wa mvua, hana nakala popote. Kati ya hivi viwili, kipi kilistahili kutangulia mbele ya kinasa sauti?

Najua nitapingwa. Mwanaakiolojia ataniambia kwamba Abasuba hawakuichora michoro hiyo, kwa hiyo maneno yao hayawezi kutufunulia nia ya mchoraji. Ni kweli, tena ni hoja nzito. Huko Teso, kwenye mwamba wa Kakapel, hali ni hiyo hiyo: wakazi wa leo wanaozungumza Kiteso si kizazi cha kwanza kuujua mwamba huo, na uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2024 ulitaja kunde zilizopatikana hapo zenye umri wa miaka ipatayo 2,300. Lakini nani kasema kwamba nia ya mchoraji ndiyo historia pekee ya mchoro? Waliopokea, wakaogopa, wakaheshimu na kukataza watoto wasichezee hapo, nao ni sehemu ya historia hiyo. Tena kuna mahali ambapo wazungumzaji wa leo wana la kusema hata juu ya uchoraji wenyewe. Mwanaanthropolojia Eric ten Raa, aliyeishi na Wasandawe katika miaka ya 1960, alielezwa habari za watu waliochora miambani. Bila mazungumzo hayo na elimu ya simbo, ule mchoro wa Kolo ungebaki utekaji mpaka leo.

Kondoa yenyewe ni hazina kwa mtu wa fani yangu. Katika eneo hilo na viunga vyake hukutana Kirangi cha Kibantu, Kiburunge na Kialagwa vya Kikushi, Kidatooga cha Kinailoti, na Kisandawe chenye vidoko. UNESCO iliitia michoro ya Kondoa katika urithi wa dunia mwaka wa 2006, na sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya mapango bado yanatumiwa kwa matambiko. Kwenye Mungumi wa Kolo watu hufika kuomba mvua na kutafuta tiba, na pombe hunyunyizwa. Mhifadhi huona uharibifu. Mwenyeji huona wajibu. Kamera haiwezi kuamua shauri hilo, na sidhani litaamuliwa na yeyote asiyeweza kusikiliza Kirangi.

Sisi Waswahili tuna mfano wetu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalikusanywa katika karne ya 19 na mmishonari William Taylor, lakini aliyemfaa kwa kuyanakili na kuyafafanua ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji aliyejua maneno hayo yalisemwa nani akilengwa. Taylor peke yake angalipata beti tupu.

Ndiyo maana napendekeza kwamba kila kibali cha kupiga picha za michoro ya miambani nchini kiandamane na sharti la kurekodi sauti za wenyeji katika lugha yao, si kwa tafsiri ya mkalimani peke yake. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu na kuishia kuchambua vichwa vya habari vya magazeti. Na wapelekwe Mfangano na Teso. Gharama ya kinasa sauti ni kijisehemu tu cha gharama ya mtambo wa leza. Wazee wakisema kwamba jambo fulani halitajwi mbele ya mgeni, na liandikwe hivyo hivyo, kuwa halitajwi. Na sauti hizo zisikae katika kabati la idara. Kisiwani Mfangano kuna redio ya kijamii, Ekialo Kiona, ambayo imetangaza kwa Kisuba. Sauti za wazee wa mapangoni zingepata nafasi humo wiki hii, kabla hata picha hazijamaliza kuorodheshwa.