"Hiyo ni propaganda ya Urusi!" Sawa, lakini umejuaje?

UZI. Kuna maneno yanarushwa sana kwenye mijadala ya siasa siku hizi: "hiyo ni propaganda ya Urusi." Wengine huyatumia kama onyo, wengine kama rungu la kumnyamazisha mwenzao. Leo twende kwa majirani wa Ukraine, huko Ulaya Mashariki, ambako kuna watu kazi yao ya kila siku ni kufuatilia hizi simulizi. Na kama kawaida hapa, hatutaji chama wala mwanasiasa.

Kwanza tutofautishe. Mtu akisema "sitaki nchi yetu ipeleke silaha Ukraine," hayo ni maoni na ni haki yake. Upotoshaji ni pale mtu anajua jambo ni la uongo, ama anaficha yeye ni nani, halafu analisukuma. Mfuatiliaji makini hapimi maoni, anapima mwenendo. Habari ilianzia wapi? Akaunti ngapi ziliichapisha kwa wakati mmoja, neno kwa neno? Nani alilipa?

Mfano rahisi. Septemba 2022 watafiti wa EU DisinfoLab walianika operesheni waliyoiita Doppelganger. Kulikuwa na tovuti zinazofanana kabisa na za Der Spiegel, Bild na The Guardian, nembo na rangi zote. Tofauti ilikuwa kwenye anwani tu, tena mwishoni, mahali ambapo hakuna mtu huangalia. Hapo huna haja ya kubishana na mtu kuhusu msimamo wake. Amevaa sare ya gazeti ambalo si lake.

Sasa, simulizi zenyewe hazifanani kila nchi. Poland, hadithi ya "sisi Waslavi ni ndugu wa Urusi" haiuziki, historia yao hairuhusu. Huko kinachochokonolewa ni mauaji ya Volhynia ya 1943, ambapo wapiganaji wa Kiukraine waliua maelfu ya Wapolandi. Hayo yalitokea kweli. Kidonda ni cha kweli, chumvi ndiyo inatiwa, ili mkimbizi wa leo achukiwe. Slovakia, undugu wa Kislavi unapata wanunuzi wengi. Moldova ni hofu: mkiingia Umoja wa Ulaya mtaburutwa vitani, na kanisa lenu litaguswa.

Na hapa ndipo wafuatiliaji wenyewe wanaweza kuteleza. Aprili 2023 Poland, Hungary na Slovakia zilizuia nafaka ya Ukraine kwa sababu bei ilikuwa imeanguka na wakulima wao wanaumia. Mkulima aliyefunga barabara na trekta yake si wakala wa mtu. Ukiona ripoti imemhesabu kama "simulizi ya Urusi," mwulize mwandishi wake maswali magumu.

Jamhuri ya Czech wana shida ambayo sisi tunaijua vizuri sana. Ile meseji ya shangazi kwenye grupu ya familia, "imetumwa mara nyingi," wao huipata kwa barua pepe, hasa wazee. Kuna kikundi cha kujitolea kinachojiita Čeští elfové, jina la viumbe wa hadithi za watoto, ambacho huzikusanya hizo barua na kupanga mada zake. Kazi ya kuchosha, haina sifa. Lakini bila hiyo usingejua kinachosambaa, kwa sababu hakionekani hadharani.

Moldova ndiko pesa ilionekana waziwazi. Kura ya maoni kuhusu Umoja wa Ulaya ilipigwa tarehe 20 Oktoba 2024, na upande wa "ndio" ulipita kwa asilimia 50.35. Sentimita. Kabla ya hapo polisi walisema watu zaidi ya 130,000 walitumiwa pesa kupitia benki ya Kirusi, karibu dola milioni 15 kwa mwezi wa Septemba peke yake. Hiyo ni nchi ya watu takriban milioni mbili na nusu. Sasa hayo si maneno ya mitandaoni tena. Ni kununua kura, jambo la zamani kuliko intaneti.

Slovakia, siku mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Septemba 2023, ilisambaa sauti ya kiongozi wa chama akipanga na mwanahabari jinsi ya kuiba kura. Wote wawili walikana, na wachunguzi wa habari wakaona dalili kwamba imetengenezwa kwa akili unde. Lakini ilitoka ndani ya yale masaa 48 ya kimya cha kampeni, wakati vyombo vya habari vimefungwa mikono. Wengi walisema ni Moscow. Ushahidi wa hadharani wa nani hasa aliitengeneza haukutolewa. Mfuatiliaji mwaminifu anaandika hivyo hivyo, hata kama hapati retweet.

Haya, Romania. Tarehe 24 Novemba 2024 mgombea huru ambaye wengi hawakumjua aliongoza duru ya kwanza kwa karibu asilimia 23, na alikuwa ametangaza kwamba kampeni yake ilitumia sufuri. Nyaraka za ujasusi zilizofunguliwa zilitaja akaunti kama 25,000 za TikTok zilizoamka wiki mbili kabla ya kura, na dola 381,000 zilizolipwa watu maarufu wa mtandao huo. Tarehe 6 Desemba Mahakama ya Katiba ikafuta uchaguzi. Wakati huo Waromania walio nje walikuwa wameshaanza kupiga kura ya duru ya pili!

Halafu wanahabari wa tovuti ya Snoop wakaripoti kwamba moja ya kampeni za TikTok zilizomfaidi mgombea huyo ilikuwa imelipiwa na chama kikubwa cha ndani, kwa hesabu zake chenyewe. Januari 2025 Tume ya Venice, wataalamu wa sheria wa Baraza la Ulaya, ikasema kufuta uchaguzi kusitegemee taarifa za siri za ujasusi peke yake. Lazima ushahidi uonyeshwe. Kwa sababu kujua akaunti 25,000 zimeamka ni jambo moja. Kujua zimebadilisha kura ngapi ni jambo lingine, na hakuna chombo cha kufuatilia kinachoweza kukuhesabia hilo.

Uchaguzi ulirudiwa Mei 2025 bila yule mgombea, aliyezuiwa kugombea. Na kufikia Februari, kabla hata ya kura hiyo ya marudio, kiongozi wa juu wa Marekani alikuwa ameshaitaja Romania kwenye mkutano wa usalama wa Munich kama mfano wa demokrasia inayoogopa wapiga kura wake. Leo "waliiba uchaguzi wetu" ni simulizi ambayo wafuatiliaji hao hao wanalazimika kuiandika kwenye daftari, wakijua kuna raia wa kawaida kabisa wanaoiamini, na wana sababu zao.