Je, Wajua? Simba wa Tsavo, Makumbusho ya Wengine

Je, wajua kwamba Mzungu aliyewaua simba wala watu wa Tsavo, hapo kaskazini ya Voi, leo anaenziwa zaidi na Wayahudi kuliko anavyoenziwa Kenya? John Henry Patterson, mzaliwa wa Ireland, aliletwa mwaka 1898 kusimamia ujenzi wa daraja la reli. Mwaka 1915 akapewa kikosi cha Wayahudi waliopeleka vifaa kwa baghala kule Gallipoli, kisha akaongoza Wayahudi wengine waliopigana Palestina. Yeye mwenyewe hakuwa Myahudi. Alifariki Marekani mwaka 1947, na Desemba 2014 majivu yake yakazikwa Avihayil, Israel, kijiji cha askari wake wa zamani chenye makumbusho ya vikosi hivyo.

Wajua tena? Yonatan Netanyahu, kamanda wa Israel aliyeuawa Entebbe Julai 1976, alipewa jina kwa heshima ya Patterson, rafiki wa babake.

Na Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alisafiri kwa reli hiyo hiyo Desemba 1902, akapita Voi akielekea bara. Mwaka uliofuata Waingereza wakawapendekezea Wayahudi ardhi "Uganda". Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya. Mkutano wa Wazayuni wa 1905 uliikataa. Nyika yetu hakuna aliyeitolea macho.

Simba wenyewe wako Chicago. Patterson aliwatandika sakafuni kama mazulia kwa miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaiuzia Field Museum ngozi na mafuvu kwa dola 5,000. Ndiyo maana wanaonekana wadogo: ngozi ilikuwa imekwisha kukatwakatwa.

Waliwala watu wangapi? Patterson aliwahi kudai 135. Utafiti wa 2009, uliopima mifupa na nywele zao, ulikadiria 35 hivi. Mwaka 2024 wanasayansi, akiwemo Mkenya wa Makumbusho ya Taifa, walichunguza nywele zilizonasa kwenye meno yaliyovunjika wakakuta za twiga, pundamilia, nyumbu, na za binadamu. Ile filamu ya Hollywood ya 1996 kuhusu simba hao ilipigwa Afrika Kusini. Tsavo haikupata hata hiyo.

Hapo ndipo penye mjadala wa makumbusho yetu. Makumbusho ya Nairobi yalifungwa mwaka 2005, yakafunguliwa upya 2008 baada ya ukarabati mkubwa, na kwingineko duniani majumba kama hayo yanapanuliwa ili wenyeji nao wajione humo. Siku Voi itakapopata jumba kubwa la namna hiyo, nadhani simba watengewe ukuta mmoja, basi. Yako mazito zaidi.

Je, wajua kwamba Wataita wa zamani walifukua fuvu la mzee baada ya kuzikwa na kuliweka kwa heshima katika pango la ukoo? Na wajua kwamba mafuvu mengi yaliondolewa, yakafika Chuo Kikuu cha Cambridge? William Howells wa Harvard alipima 83 kati yake, 33 ya wanaume na 50 ya wanawake. Vipimo hivyo viliingizwa katika programu za kompyuta za kukisia asili ya fuvu lisilojulikana. Mpelelezi wa mbali kabisa akiokota fuvu msituni, huenda analilinganisha na bibi zetu bila kujua Wundanyi, huku Taita, iko wapi.

Kisha kuna Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia: Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 15, 1914. Watalii huonyeshwa kilima cha Salaita, walikoshindwa Waafrika Kusini Februari 12, 1916. Wapagazi wa vita hivyo je? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina.

La mwisho, nalo ndilo ningelianzia ukumbi wa kwanza. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa mlima Kasigau kuwa wamewasaidia Wajerumani. Wakawahamisha wote hadi Malindi, na nyumba zao zikachomwa. Wengi walifia huko. Walioponea walirudi mlimani kwao miaka ya 1930. Wajukuu wao wako Rukanga na Bungule. Mwenye kinasa sauti aende sasa, kabla ya kuagiza kabati za vioo.