Bibi na Pete ya Kutu

Asubuhi ya safari yetu ya harusi kwenda Faza, makapu yalikuwa yamekwisha kufungwa, watoto wamevishwa, na mashua ya familia inatungoja gatini Lamu. Mashua hiyo ina umri kuliko wengi wetu. Marehemu babu ndiye aliyeiacha, na baba yetu mdogo ndiye nahodha. Bibi alitangulia kushuka, lakini hakukaa. Aliitazama michirizi ya kutu chini ya pete ya chuma inayofungiwa kamba ya mlingoti.

“Mwanangu,” akamwambia nahodha, “hapa pamelia. Patazame kabla hamjatweka tanga.”

“Mama, kutu ni kawaida ya chuma cha baharini,” alijibu, ila kwa heshima yake akatoa kisu na kukidunga penye ubao. Kisu kilizama kama katika muhogo uliochemshwa. Safari ikavunjika, harusi ikatupita, na lawama tukazipata. Fundi alipoing’oa pete ile, mguu wake uliojificha ndani ya ubao ulikuwa umelika ukawa mwembamba kama njiti ya kibiriti. Hapo lawama zikageuka shukrani.

Tangu siku hiyo tumejifunza kwamba chombo cha zamani hakivunjiki ovyo. Huvunjika pale vitu viwili vinaposhikana. Nguvu ya upepo hutoka kwenye tanga ikaingia katika foromali, ikapita kwenye henza na gofia hadi mlingoti, kisha ikatua kwenye darumeti na mwashiri, gogo la tumboni linalokaliwa na mlingoti. Tanga jipya na kamba mpya haviongezi usalama ikiwa vimefungwa penye ubao uliooza. Huenda vikaongeza hatari, kwani vyenyewe havikatiki. Kinachong’oka ni pale viliposhikizwa.

Wakati mwema wa ukaguzi ni chombo kinapopandishwa pwani. Kwanza hutazamwa mbao. Wengi huogopa maji ya chumvi, ilhali maji ya mvua yanayotuama chini ya mlingoti ndiyo yanayoozesha zaidi. Fundi hugonga kwa nyundo: ubao mzima hulia kwa sauti kavu, uliooza hutoa mlio mzito uliokufa. Weusi unaozunguka msumari au komeo la chuma ni dalili kwamba kutu imeanza kuula ubao.

Pili, vyuma. Pete, misumari na makomeo yanayobeba uzito hayahukumiwi kwa kichwa kinachoonekana; angalau moja ling’olewe litazamwe mguu. Chuma na shaba visikutanishwe, kwa kuwa ndani ya maji ya chumvi chuma huliwa upesi. Katika gofia na kapi, tundu la ekseli lililokuwa duara likiwa limerefuka kama yai, wakati wake umekwisha.

Tatu, kamba. Kamba isitazamwe juu tu. Ifunuliwe nyuzi zake: vumbi au unga ndani ni ishara ya kuchakaa. Kamba ya nailoni huchomwa na jua ikawa na manyoya. Sehemu ya kuchunguzwa sana ni pale henza inapofungwa kwenye foromali, kwani hapo husuguana kila wimbi.

Kwa mashua yetu, fundi alikata ubao mbovu hadi akafikia mti mzima, akapachika kipande cha mbambakofi, akatia komeo lililopakwa zinki pamoja na bamba nene upande wa nyuma ili uzito uenee. Alipakaza sifa pande zote, hata ndani ya tundu, maji yasipate njia.

Enyi akina mama, wengi wetu ni abiria, si manahodha. Hata hivyo fedha za matengenezo hutoka katika nyumba zetu, na watoto wanaopakiwa ni wetu. Si utovu wa adabu kumwuliza nahodha lini makomeo yaling’olewa kutazamwa, wala kuomba maboya ya kuvaa. Kutawakali ni baada ya kukaza fundo.

Majuma matatu baadaye tulikwenda Faza kumwona bibi harusi. Kabla ya kukaa, bibi aliishika ile pete mpya, akaivuta mara mbili, kisha akasema, “Haya, twekeni.”