Louis Armstrong na santuri zake



Neno «jazz» si geni katika miji ya Kongo. Mwaka wa 1953 Joseph Kabasele na wenzake waliita bendi yao African Jazz. Mwaka wa 1956 ikazaliwa O.K. Jazz, palepale Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Neno hilo lilivuka bahari kutoka Marekani, na kati ya watu waliolipeleka mbali katika dunia, wa kwanza kutajwa ni mpiga tarumbeta mweusi, Louis Armstrong. Mwisho wa mwezi wa Oktoba 1960 yeye mwenyewe alifika Léopoldville. Watu walimbeba katika kipoyi kama sultani, naye akapiga tarumbeta mbele ya maelfu ya watu katika uwanja wa michezo. Mwezi wa Novemba akafika hata Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo.

Katika picha zake twaona karibu siku zote vitu viwili: leso nyeupe ya kujipangusia jasho, na kicheko kikubwa cha kuonyesha meno yote. Kwa ajili ya kicheko hicho, baadhi ya weusi wenzake katika Marekani walimlaumu. Walisema kwamba anawachekesha wazungu kupita kiasi, na kwamba amesahau uchungu wa ndugu zake. Je, lawama hiyo ilikuwa ya haki? Armstrong alikufa mwaka wa 1971, hatuwezi kumwuliza. Lakini ameacha shahidi asiyekufa, ndiye santuri zake. Tuzifuate moja moja, tangu za ujana hata za uzee, ndipo tutoe hukumu.

Mtoto maskini wa New Orleans

Louis Armstrong alizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani, tarehe 4 Agosti 1901. Yeye mwenyewe alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900. Ukweli ulionekana baada ya kufa kwake, katika kitabu cha ubatizo cha parokia ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, alikobatizwa akiwa mtoto mchanga wa majuma matatu. Wazazi wanaosoma ukurasa huu watatambua faida ya kitabu cha parokia kinachotunzwa vema!

Baba yake aliwaacha, na mama yake alikuwa maskini sana. Mtoto akafanya kazi kwa jamaa moja ya Wayahudi, akina Karnofsky, waliopita barabarani na gari lao kuuza makaa na kukusanya vitu vikuukuu. Hao walimsaidia kununua korneti, ambayo ni kama ndugu mfupi wa tarumbeta. Kisha, usiku wa kuamkia mwaka wa 1913, alipiga bastola hewani barabarani, akakamatwa na kutiwa katika nyumba ya watoto wakosefu. Mahali pale pa adhabu pakawa shule yake, kwa maana mwalimu Peter Davis alimfundisha vizuri kupiga korneti katika bendi ya watoto.

Mwaka wa 1922 mpiga korneti mkubwa Joe Oliver, aliyeitwa King, alimwita Chicago. Armstrong alimheshimu kama baba. Mwaka wa 1923 bendi ya Oliver ilikwenda Richmond, katika jimbo la Indiana, na hapo Armstrong akaingia katika santuri kwa mara ya kwanza. Wakati ule kazi hiyo ilifanyika bila mikrofoni. Wanamuziki walisimama mbele ya pembe kubwa. Sauti iliingia ndani ya pembe, ikatikisa sindano, na sindano ikachora mfereji mwembamba katika nta. Husimuliwa kwamba kijana Armstrong alisimamishwa nyuma, mbali na wenzake, kwa sababu pumzi yake ilifunika sauti ya mkubwa wake.

Dakika tatu tu

Tarehe 12 Novemba 1925, mjini Chicago, Armstrong aliongoza kwa mara ya kwanza kikundi chake mwenyewe mbele ya mashine ya santuri. Kiliitwa Hot Five, maana walikuwa watu watano: yeye, mkewe Lil Hardin kwa piano, Kid Ory kwa tromboni, Johnny Dodds kwa klarineti, na Johnny St. Cyr kwa banjo. Santuri ya siku zile ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na kila upande ulikwisha kwa dakika tatu hivi. Mwenye neno la kusema ilimpasa kulisema upesi.

Armstrong alisema mengi katika dakika hizo. Kwa desturi ya New Orleans wapigaji wote walipiga pamoja, kila mmoja akisuka sauti yake kati ya sauti za wenzake. Yeye alimtoa mtu mmoja mbele, kama mwimbishaji wa ngoma zetu anavyosimama peke yake, na wengine wakimwitikia na kumtegemeza. Katika «Heebie Jeebies» ya mwaka wa 1926 aliacha maneno, akaimba kwa silabi tupu, koo lake likifanya kazi ya tarumbeta. Katika «West End Blues», ya tarehe 28 Juni 1928, aanza peke yake kabisa, bila ngoma wala piano: sauti yapanda mbio kama mtu akweaye mlima, kisha yashuka taratibu, na ndipo wenzake waingiapo. Wapigaji wengi wa tarumbeta wamejifunza sekunde hizo chache kwa moyo.

Hapa tupate ushahidi wa kwanza juu ya kicheko. Mwaka wa 1929 Fats Waller na wenzake walitunga wimbo «Black and Blue» kwa ajili ya mchezo wa kuigiza huko New York. Katika mchezo, mwanamke mwenye ngozi nyeusi sana alilalamika kwamba wanaume huwapenda wanawake weupe-weupe. Armstrong alipouimba katika santuri mwaka uleule, aliacha sehemu ile ya mwanzo inayomtaja mwanamke. Basi, malalamiko ya mtu mmoja juu ya mapenzi yakageuka kuwa malalamiko ya watu wote wanaodharauliwa kwa sababu ya rangi yao. Hakuhutubia, hakugombana na mtu. Alikata sehemu moja tu ya wimbo, na maana yake ikabadilika.

Albamu ni nini?

Neno «albamu» lataka maelezo. Santuri za zamani zilikuwa nzito na rahisi kuvunjika kama sahani ya udongo. Wenye maduka walizikusanya kadhaa katika kitabu chenye mifuko, kama kitabu cha kutunzia picha, na kitabu hicho ndicho kilichoitwa albamu. Mwaka wa 1940 mwanafunzi kijana, George Avakian, alipewa kazi na kampuni ya Columbia ya kutafuta santuri za zamani za jazz, zile za Armstrong zikiwamo, na kuzitoa tena katika albamu. Mwaka wa 1948 Columbia ilileta santuri mpya, ndefu, iliyozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na kila upande ukapokea zaidi ya dakika ishirini za muziki.

Kwa Armstrong jambo hili lilikuwa kama mkulima aliyelima bustani ndogo miaka mingi, kisha akapewa shamba. Tangu mwaka wa 1947 alikuwa akiongoza kikundi kidogo kilichoitwa All Stars. Je, alipanda nini katika shamba hilo? Tunaona kwamba katika albamu zake bora aliwakumbuka wakubwa wake.

Mwaka wa 1954 alitoa, pamoja na Avakian, «Louis Armstrong Plays W. C. Handy». Handy ndiye aliyeitwa baba wa blues. Alikuwa mzee wa miaka 80, tena kipofu, naye alijaliwa kuisikia albamu ile kabla ya kufa mwaka wa 1958. Wimbo wa kwanza wake wachukua karibu dakika tisa, yaani mara tatu ya kipimo cha zamani. Mwaka wa 1955 ikafuata «Satch Plays Fats», ya kumkumbuka Fats Waller, aliyefariki mwaka wa 1943 akiwa na miaka 39 tu. Humo «Black and Blue» yarudi tena, lakini sasa sauti ya mwimbaji ni ya mtu mzima aliyeona mengi. Mwaka wa 1957 ilitoka «Satchmo: A Musical Autobiography», santuri nne ndefu ambamo alipiga tena nyimbo za ujana wake na kusimulia habari zake kwa mdomo wake mwenyewe. Humo alimtukuza King Oliver, ambaye alikuwa amekufa maskini huko Savannah mwaka wa 1938, meno yameharibika na jina limesahauliwa na wengi. Wazee wetu husema: «Mwacha asili ni mtumwa.» Armstrong hakuiacha asili yake.

Wapenda sauti za kuimba watafurahia «Ella and Louis», ya mwaka wa 1956, ambayo sauti ya Ella Fitzgerald, laini kama mafuta, yakutana na sauti yake yenye mchanga, na hakuna iharibuyo nyingine. Tena jamaa za Kikristo hazitapita bila kusikia «Louis and the Good Book», ya mwaka wa 1958. Nyingi kati yake ni nyimbo za dini walizotunga watumwa weusi wa Marekani, kama ile ya Musa mbele ya Farao. Watumwa waliimba habari ya Waisraeli, na kila mmoja alijua kwamba yaimbwa habari yake mwenyewe.

Balozi na kicheko chake

Watu wa magazeti walimwita Balozi Satch, na mwaka wa 1956 jina hilo liliwekwa juu ya albamu ya muziki wake alioupiga katika Ulaya. Lakini ubalozi wa namna hii una mwiba ndani yake. Mwaka uleule jimbo lake la Louisiana lilitunga sheria ya kukataza weusi na weupe wasipige muziki pamoja mbele ya watu. Kikundi chake kilikuwa na watu wa rangi zote mbili. Akaacha kupiga katika mji aliozaliwa, asirudi mpaka mwaka wa 1965.

Mwezi wa Septemba 1957 wanafunzi tisa weusi walizuiwa kwa askari wasiingie katika shule ya sekondari ya Little Rock, katika jimbo la Arkansas. Armstrong alitazamiwa kwenda Urusi kwa ajili ya serikali yake. Alikataa. Alimwambia mwandishi wa gazeti waziwazi kwamba serikali inayowatendea watu wake hivyo haiwezi kumtuma, na kwamba Rais Eisenhower amekosa ushujaa. Siku chache baadaye Rais alituma askari kuwalinda wanafunzi, na Armstrong akamshukuru. Wanafunzi wetu wakumbuke: mtu ambaye alitoka shule akiwa mtoto ndiye aliyesimama kwa ajili ya shule ya wengine.

Hata safari ya Kongo ya mwaka wa 1960 haikukosa mwiba. Serikali ya Marekani ilitoa fedha za safari. Wakati watu walipocheza na kushangilia, Waziri Mkuu Patrice Lumumba alikuwa amezungukwa na askari katika nyumba yake palepale Léopoldville. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa katika Katanga. Waandishi wa historia wamechunguza jinsi muziki ulivyotumiwa na wanasiasa wa siku zile, na mwaka wa 2024 Johan Grimonprez alitoa filamu nzima juu ya jambo hilo. Tarumbeta ni safi, lakini mkono unaolipa nauli ya mpigaji una shabaha yake.

Jibu la Armstrong tunalisikia katika albamu «The Real Ambassadors», iliyotengenezwa mwaka wa 1961 na kutolewa mwaka wa 1962. Iliandikwa na mpiga piano Dave Brubeck na mkewe Iola, wazungu wote wawili, juu ya mwanamuziki anayetumwa na serikali yake kama balozi. Katika wimbo mmoja mtu mweusi ajiuliza kama kweli Mungu aweza kuwa na sura kama yake. Waandishi walikuwa wametazamia kwamba wasikilizaji watacheka, kwa sababu maneno yaliwekwa kwa mzaha. Armstrong hakucheka. Aliimba taratibu, kwa sauti ya mtu anayesali, na waimbaji wengine wakiitikia maneno ya Kitabu cha Mwanzo kwa namna ya watawa katika kanisa. Baada ya kusikia wimbo huo, ni nani atakayesema kwamba mtu huyu hakujua ila kuchekesha?

Hukumu yetu

Miaka ya mwisho ilimpa sifa kubwa tena. Mwezi wa Mei 1964, akiwa na miaka 62, «Hello, Dolly!» ilishika nafasi ya kwanza katika Marekani, mahali ambapo vijana wa Uingereza, The Beatles, walikuwa wamekaa kwa majuma kumi na manne. Alikufa nyumbani kwake, mjini New York, tarehe 6 Julai 1971. Nyumba yake ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 2003.

Basi, turudi kwa lawama ile. Kicheko cha Armstrong kilikuwa cha kweli, kwa sababu alipenda watu na alipenda kazi yake. Lakini chini ya kicheko palikuwa na mtu aliyekata sehemu ya wimbo ili ukweli usikike, aliyekataa safari ya heshima kwa ajili ya watoto tisa, na aliyewarudishia sifa wakubwa waliosahauliwa. Kwa hiyo twaona kwamba waliomhukumu kwa picha tu walipungukiwa haki.

Wanafunzi wanaotaka kumjua waanze na «West End Blues», kisha wasikilize «Black and Blue» ya mwaka wa 1929 na ya mwaka wa 1955, moja baada ya nyingine, na mwishowe «The Real Ambassadors». Wasiwe na haraka. Sauti ni ileile, koo ni lilelile. Kilichoongezeka ni miaka, na uzito wa yale ambayo mtu huyu aliyaona.