KISWAHILI NA UELEZAJI WA SPISHI MPYA: MFANO WA MBAWANYWELE NA MITO YA MASHARIKI YA NAIROBI

1. Utangulizi

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, hupita katikati ya jiji, kisha huteremka kupitia Gikomba, Shauri Moyo, Kariobangi, Korogocho na Dandora kabla ya kuingia katika Mto Athi. Jina lake ni la Kimaasai, nalo lina maana ya maji baridi. Mkazi wa mitaa hiyo ya Eastlands huyaona maji hayo kila siku, na usiku huwaona wadudu wanaozunguka taa. Akiulizwa majina yao, atataja mbu, nondo, mende na kumbikumbi. Waliosalia wote atawaita wadudu tu.

Miongoni mwa hao waliosalia wamo wadudu wa oda iitwayo Trichoptera. Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili: kwanza, kwamba Kiswahili kinaweza kutumika kueleza spishi mpya ya mdudu huyo kwa namna inayokubalika kisayansi, pili, kwamba ukosefu wa jina lake una hasara kwa watu wanaoishi kando ya mito.

2. Mdudu mwenyewe

Spishi zaidi ya 16,000 za oda hii zimekwisha kuelezwa duniani, na mpya huongezwa kila mwaka, hasa kutoka nchi za joto. Mdudu mzima hufanana na nondo mdogo, lakini mbawa zake zimefunikwa kwa nywele, ilhali za nondo zimefunikwa kwa magamba. Anapotua, huzikunja mbawa hizo mithili ya paa la nyumba. Lava wake huishi majini. Wengi hutoa uzi wa hariri na kuutumia kuunganisha chembe za mchanga, vijiti au vipande vya majani ili kujenga kijumba wanachokiburuta popote waendapo. Wengine hawajengi kijumba cha kubeba, bali hutandaza wavu baina ya mawe na kunasa chakula kiletwacho na mkondo.

Kwa kuwa lava wa spishi nyingi hawastahimili maji machafu, wataalamu huwahesabu ili kupima afya ya mto. Zipo jamii chache zenye ustahimilivu zaidi, na kwa sababu hiyo haitoshi kujua kwamba mdudu wa oda hii amepatikana. Hapana budi kujua ni wa spishi gani.

3. Sababu za kukosa jina

Kiswahili si maskini wa majina ya wadudu. Kina chawa, kunguni, kiroboto, siafu, mchwa, nzige, nyenje na kereng'ende. Lakini wengi wa hao ni wadudu wanaouma, wanaoharibu mali, wanaoliwa, au wanaojitambulisha kwa sauti au kwa umbo. Mdudu wa Trichoptera haumi, haharibu nguo wala nafaka, na hana sauti isikikayo. Lugha haikuwa na haja naye. Haja imezuka sasa, baada ya mito kuchafuka.

Jina la kwanza linaloweza kupendekezwa ni nondo-maji. Jina hili ni jepesi kutamka, ila lina kasoro ya maana, kwani linamwingiza mdudu katika kundi asilokuwamo. La pili ni mbawanywele, ambalo limefuata maana ya neno la Kigiriki lililozaa Trichoptera, yaani nywele na ubawa. Jina hili lataja sifa yenyewe inayombainisha mdudu, na kwa kuwa ni kiumbe hai litachukua upatanisho wa a-/wa-: mbawanywele huyu, mbawanywele hawa. Ndilo linalotumika katika makala haya.

4. Kanuni za kutoa jina la kisayansi

Yamkini baadhi ya wasomi hudhani kwamba sayansi haikubali maelezo ya spishi yaliyoandikwa kwa lugha ya Kiafrika. Kwa upande wa mimea, ni kweli kwamba kuanzia 1935 hadi 2011 maelezo ya spishi mpya yalipasa kuwa ya Kilatini, na tangu 2012 yanakubaliwa kwa Kilatini au Kiingereza. Kwa upande wa wanyama hali ni tofauti. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, ambayo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, hudai jina la maneno mawili kwa herufi za Kilatini, maelezo yanayotofautisha spishi na nyingine, na kielelezo maalumu kinachobeba jina hilo. Hupendekeza lugha zinazosomwa na wengi, lakini hailazimishi lugha yoyote. Georg Ulmer aliwaeleza mbawanywele kwa Kijerumani, naye Georges Marlier, aliyefanya kazi Kongo, kwa Kifaransa. Hakuna kifungu kinachozuia Kiswahili.

Jina lenyewe nalo laweza kutoka katika lugha yoyote, na Kiswahili kimekwisha kutumika:

(1) Asilisaurus kongwe (2010)
(2) Simbakubwa kutokaafrika (2019)
(3) Mnyamawamtuka moyowamkia (2019)

Visukuku vya (1) na (3) vilitoka Tanzania, na vya (2) Kenya. La kuzingatiwa ni sarufi. Katika (3) viunganishi vya upatanisho vimehifadhiwa: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Katika (2) kiambishi kimeachwa, kwani Kiswahili sanifu husema simba mkubwa. Kanuni haiwezi kulirekebisha jina kwa sababu hiyo. Likisha kutolewa kihalali, hubaki. Basi ni heri mwanaisimu aulizwe kabla ya kuchapwa kuliko baada yake.

5. Lugha ya maelezo

Maelezo ya spishi huandikwa kwa mtindo wa mkato, bila vitenzi vingi. Huanza kwa dume, kwa sababu viungo vyake vya uzazi ndivyo vinavyotofautisha spishi zinazofanana kwa sura. Mfano ufuatao ni wa kubuni:

(4) Dume. Kichwa cheusi, chenye nywele nyeupe utosini. Vipapasio virefu kupita mbawa. Ubawa wa mbele mwembamba, wenye doa moja jeupe ukingoni. Wa nyuma mfupi zaidi, usio na doa. Koleo la kulia na la kushoto sawa, yenye ncha zilizopinda kuelekea ndani.

Katika (4) nomino ubawa haikurudiwa, lakini upatanisho wa nyuma, mfupi na usio waionyesha bila shaka. Ngeli hapa zinafanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa kurudia nomino. Hata hivyo, istilahi zapaswa kuchaguliwa kwa uangalifu. Kiswahili kina ubawa/mbawa na pia bawa/mabawa. Ikichukuliwa bawa, itaingia ngeli moja na koleo, na la nyuma litaweza kutatanisha. Kadhalika neno pupa, likitumiwa kwa hatua inayofuata lava, litagongana na pupa yenye maana ya uroho na haraka. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, iliweka msingi wa istilahi za jumla. Istilahi za viungo vidogo vya mdudu zataka kazi zaidi.

6. Hitimisho

Kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kina makao yake Kasarani, mahali panapoitwa Duduville. Jina hilo lathibitisha kwamba neno dudu limekwisha kufika mlangoni mwa sayansi, ila ndani bado husemwa Kiingereza. Mkazi wa Dandora huambiwa kuwa mto wake ni mchafu, lakini hapewi neno la kumwezesha kugeuza jiwe, kutazama kilicho chini yake na kuhukumu mwenyewe. Spishi yaweza kutoweka katika mto kabla ya kuelezwa. Kuieleza ni kazi ya mwanabiolojia. Kuyapata maneno ambayo watu wa kando ya mto watayatumia ni kazi ya idara za lugha, nayo haingoji ruhusa ya yeyote.