Je, Wajua? Jarida Lililoharibiwa Kabla ya Kusomwa
Incredible Tales ni jarida ambalo halikuwahi kuwapo, kwa kuwa lilibuniwa kwa ajili ya kipindi kimoja cha Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya televisheni ya Marekani, mwaka wa 1998, likachorwa kama jarida la bunilizi za kisayansi, yaani hadithi zinazowazia sayansi ya kesho, jijini New York mnamo 1953. Mwandishi wake Mweusi, Benny Russell, anamtunga nahodha Mweusi wa kituo cha angani, na mwenye jarida anaamuru toleo zima liharibiwe, dhuluma inayouma hata katika ubunifu. Kinyume na hadithi hiyo iliyozimwa na mwenye jarida, Wajaluo wa Homa Bay na Migori nchini Kenya wamekihifadhi kwa masimulizi, bila kumtegemea mchapishaji yeyote, kisa cha Simbi Nyaima, ziwa la volkeno karibu na Kendu Bay linalosemekana kukigharikisha kijiji kilichomnyima bikizee hifadhi.